Kutoka Shahada ya Fizikia hadi Maabara Yako Mwenyewe: Mwongozo wa Kazi ya Mwanabiofizikia wa Chuo Kikuu

Biofizikia ni fani isiyo na nyumba yake. Ukienda idara ya fizikia utaambiwa mambo ya seli na protini yako baiolojia. Ukienda baiolojia utaambiwa wewe ni mtu wa milinganyo. Hata matangazo ya kazi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki mara chache hutaja neno biofizikia. Yanaandika mhadhiri wa fizikia, wa biokemia, wa fiziolojia, na mwombaji ndiye anayetakiwa kujipenyeza humo.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, na ulio mzito kuliko yote yanayofuata, ni huu: chagua mapema idara itakayokuhesabu kuwa mtu wake, timiza masharti yake yote ya kawaida, halafu fanya biofizikia ukiwa ndani. Anayebaki kizingitini hahesabiwi na walio ndani wala walio nje, na siku ya kupanda cheo hakuna kamati inayojua imweke wapi.

Kabla ya kuendelea, usichanganye fani hii na fizikia tiba. Mtaalamu wa fizikia tiba hufanya kazi hospitalini, kama vile kupima dozi za mionzi ya kutibu saratani, na ana njia yake ya mafunzo na usajili. Biofizikia ni utafiti wa namna viumbe hai vinavyofuata sheria za fizikia: jinsi protini inavyojikunja, utando wa seli unavyobeba umeme, chembe nyekundu ya damu inavyojipinda kwenye mshipa mwembamba. Ukiomba nafasi ya moja ukidhani ni nyingine, unapoteza mwaka mzima.

Shahada ya kwanza

Tanzania, ngazi ya kwanza ya ualimu wa chuo kikuu ni mkufunzi msaidizi, na sharti lake ni GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5. Mhadhiri msaidizi hutakiwa kuwa na hiyo 3.8 ya shahada ya kwanza pamoja na GPA isiyopungua 4.0 ya uzamili. Hesabu hizi zijue tangu mwaka wa kwanza, maana 3.7 itakufuata kwenye kila faili la maombi hata ukirudi na uzamivu kutoka chuo chenye jina. Mwanafunzi mwenye kiu ya utafiti ana hatari moja: hutumia usiku wake kwenye programu na makala, akaliacha somo la lazima la mwaka wa pili limwangushe. Linda alama kwanza.

Ukisoma fizikia, jaza nafasi za masomo ya hiari kwa biokemia na baiolojia ya seli. Ukisoma baiolojia au biokemia, chukua kalkulasi, milinganyo ya difrensha, takwimu na themodinamiki. Njia ya kutoka fizikia kwenda baiolojia ni nyepesi kidogo kuliko ya kurudi, kwa kuwa hisabati huhitaji miaka ya mazoezi ya mkono. Lakini mwanafizikia ambaye hajawahi kushika pipeti hujulikana siku ya kwanza maabara, na fundi sanifu wa maabara ndiye atakayemwokoa au kumwacha. Msalimie, kaa naye, mwombe akufundishe kupima maikrolita 10 bila kuvuta hewa.

Zipo namba chache ambazo mwanabiofizikia huzijua kama anavyojua namba yake ya simu. Nishati ya joto, kT, kwenye joto la chumba ni takriban pikonyutoni-nanomita 4.1 (hiki ni kipimo cha nishati: nguvu mara umbali). Utando wa seli una unene wa nanomita 4 hadi 5. Neva iliyotulia ina volti ya takriban milivolti 70 hasi kwa ndani. Molekuli moja ya ATP, mbeba nishati wa seli, hutoa takriban pikonyutoni-nanomita 80 hadi 100. Kinesini, protini inayobeba mizigo ndani ya seli, hupiga hatua ya nanomita 8 na husimama ikivutwa kwa nguvu ya takriban pikonyutoni 6. Sasa zidisha: 8 mara 6 ni 48. Yaani mashine hiyo ndogo inageuza karibu nusu ya nishati ya ATP kuwa kazi, kwa mistari miwili ya hesabu. Ukiweza kufanya hesabu za namna hii ubaoni bila kufungua kitabu, kwenye usaili watajua wanaongea na nani.

Mradi wa mwaka wa tatu: mifano miwili isiyohitaji fedha nyingi

Wa kwanza ni wa kompyuta. Weka Linux kwenye kompyuta mpakato, jifunze Python, kisha sakinisha GROMACS, programu ya bure ya kuiga mwendo wa molekuli. Pakua muundo wenye jina 1AKI kutoka Protein Data Bank, hifadhi ya maumbo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971. Huo ni muundo wa lisozimi ya ute wa yai la kuku. Ondoa molekuli za maji zilizokuja na kristali, weka protini ndani ya sanduku lenye nafasi ya nanomita 1 kila upande, jaza maji, ongeza ayoni mpaka chaji ya jumla iwe sifuri. Punguza nishati ya mfumo, upashe hadi kelvini 300 kwa pikosekunde 100, sawazisha kanieneo kwa pikosekunde 100 nyingine, ndipo uanze mwendo wenyewe. Kwa hatua ya femtosekunde 2, nanosekunde 1 ni hatua 500,000. Kompyuta mpakato ya kawaida itakupa nanosekunde chache au makumi machache tu kwa siku, basi panga swali lako liendane na uwezo huo.

Makosa hapa yanajulikana. Mfumo ukilipuka dakika za mwanzo, mara nyingi umetumia femtosekunde 2 bila kufunga urefu wa viungo vya haidrojeni, au umeruka hatua ya kupunguza nishati na atomu mbili zimekaliana. Protini ikionekana imekatika vipande viwili kwenye picha, haijavunjika: imevuka ukuta wa sanduku na kutokea upande wa pili, irudishe katikati kabla ya kupima chochote. Kosa baya zaidi halionekani kwa macho, nalo ni kuendesha mara moja tu na kutangaza matokeo. Endesha mara tatu, kila mara kwa kasi za mwanzo tofauti. Kama tofauti kati ya mara hizo tatu ni kubwa kuliko badiliko unalotaka kuripoti, huna matokeo bado.

Mradi wa pili ni wa mezani, na kwa maoni yetu ndio bora kwa anayeanza, kwa sababu unafundisha fizikia, hadubini, takwimu na unyenyekevu kwa mkupuo mmoja. Unapima mchezo wa chembe ndogo ndani ya maji na kutoka hapo unapata namba ya Boltzmann, kazi ambayo Einstein aliiwekea nadharia mwaka 1905 na vipimo vya aina hiyo vikachangia Jean Perrin kupata Nobeli ya mwaka 1926.

Unahitaji hadubini yenye lenzi ya mara 40, kamera au simu iliyofungwa imara kwenye jicho la hadubini, chembe za polistireni zenye kipenyo cha maikromita 1, maji safi, gundi ya pande mbili, rangi ya kucha, na rula ya hadubini yenye mistari ya maikromita 10. Chembe zikikosekana, anza mazoezi kwa tone la maziwa ndani ya maji. Vitone vya mafuta vilivyomo hucheza vizuri, ila ukubwa wao unatofautiana, kwa hiyo havifai kwa kipimo cha mwisho.

1. Kata vipande viwili vya gundi, vibandike kwenye kioo cha sampuli kwa kuachana milimita 10, weka kioo cha kufunikia juu yake. Umepata chumba chenye kina cha takriban milimita 0.1.
2. Zimua chembe mpaka uone kumi hadi ishirini tu kwenye uwanja wa hadubini. Zikiwa nyingi, programu itachanganya moja na nyingine.
3. Ingiza tone, kisha ziba kingo zote kwa rangi ya kucha. Subiri dakika 10 ikauke.
4. Piga video ya rula kwanza, halafu ya chembe, bila kugusa ukuzaji wa kamera katikati. Fremu 30 kwa sekunde kwa dakika moja zinatosha.
5. Fuatilia chembe kwa ImageJ, programu ya bure ya kuchambua picha, au kwa Python, piga hesabu ya wastani wa mraba wa mhamo kwa kila muda, chora mstari. Mteremko wake ni mara nne ya kiwango cha usambaaji, D.
6. Tumia D = kT/(6πηr) kupata k, yaani namba ya Boltzmann. T ni joto kwa kelvini, η ni mnato wa maji, r ni nusu ya kipenyo cha chembe.

Kwa chembe hizo kwenye nyuzi 30, D inatakiwa kuwa karibu na maikromita za mraba 0.55 kwa sekunde, na wastani wa mraba wa mhamo baada ya sekunde moja uwe karibu na 2.2.

Sasa yanayoharibika. Chembe zote zikielea upande mmoja kama abiria wa kivuko, rangi ya kucha ina tundu na maji yanakauka: mstari wako utapinda kwenda juu. Chembe zisizotikisika kabisa zimenata kwenye kioo, zitoe kwenye hesabu lakini uandike umetoa ngapi na kwa nini. Chembe za polistireni ni nzito kidogo kuliko maji na huzama polepole, kama maikromita 2 kwa dakika. Baada ya saa moja nyingi ziko karibu na sakafu, na karibu na sakafu maji huzizuia, D ikashuka sana. Lenga katikati ya chumba na umalize mapema. Mstari usipopita kwenye sifuri, hilo ni kosa la kutambua kitovu cha chembe: linaongeza kiasi kilekile kila mahali, kwa hiyo tumia mteremko, usilazimishe mstari upite kwenye sifuri.

Na kosa la Pwani: vitabu vingi huandika mnato wa maji kwenye nyuzi 20, ambao ni milipaskali-sekunde 1.00. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mchana kina nyuzi 30, na hapo mnato ni 0.80. Ukitumia namba ya kitabu, jibu lako linakosea kwa asilimia 25 na utaisumbua hadubini isiyo na hatia. Weka kipimajoto pembeni ya sampuli.

Uzamili na uzamivu

Kwa mtu wa fizikia anayetaka kuvuka, ipo njia iliyotengenezwa hasa kwa nchi zetu: stashahada ya mwaka mmoja ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoanzishwa na mwanafizikia Abdus Salam mjini Trieste, Italia, mwaka 1964. Ina tawi la sayansi ya maisha kwa njia ya vipimo na hesabu, na anayekubaliwa hugharamiwa. AIMS Rwanda, tawi la Taasisi ya Afrika ya Sayansi ya Hisabati, hutoa uzamili wa sayansi ya hisabati kwa ufadhili vilevile, msingi mzuri kwa anayeelekea upande wa nadharia. Kwa uzamivu ndani ya Afrika, angalia RSIF, mfuko wa kanda wa ufadhili wa uzamivu wa sayansi, na ufadhili wa kusoma ndani ya kanda wa DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, hufadhili wanawake wanaofanya uzamivu wa sayansi katika nchi nyingine inayoendelea, na nafasi zake huwapita wengi kwa kutojua tu.

Marekani huchukua mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu, hulipa ada na posho, na kazi huchukua miaka 5 au 6. Maombi mengi hufungwa Desemba kwa wanaoanza Agosti au Septemba inayofuata. Ujerumani na Skandinavia hutaka uzamili kwanza, lakini mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa mwenye mshahara, miaka 3 hadi 4, na nafasi hutangazwa mwaka mzima. Ukiwa tayari mkufunzi msaidizi, omba likizo ya masomo kabla hujakata tiketi, na usome mkataba wa kurudi kukitumikia chuo mstari kwa mstari: miaka mingapi, na ukivunja unalipa nini.

Barua kwa msimamizi ndiyo inayoamua mengi, na ndiyo inayoandikwa vibaya kuliko vyote. Barua ileile ikitumwa kwa maprofesa sitini, wote sitini wanajua. Andika kwa watano. Soma makala mbili za karibuni za kila mmoja, chagua mchoro mmoja, jaribu kuurudia kwa data zake alizoweka wazi. Kisha andika maneno yasiyozidi 200: wewe ni nani kwa sentensi moja, umerudia mchoro upi na umeona nini, unataka kuuliza swali gani, una ufadhili au unautafuta wapi. Ambatanisha wasifu wa kurasa mbili na matokeo ya masomo. Ukikuta namba yako haiendani na yake, sema hivyo kwa adabu. Profesa mwenye maabara hupuuza sifa kumi, hapuuzi mtu aliyerudia hesabu yake.

Usichague maabara kwa jina la chuo pekee. Uliza wanafunzi waliomaliza: walimaliza kwa miaka mingapi, wako wapi sasa, nani alikuwa mwandishi wa kwanza. Uliza pia chombo gani utakijua ukitoka. Hapa fikiria safari ya kurudi. Hadubini ya elektroni ya kugandisha, ambayo waendelezaji wake Dubochet, Frank na Henderson walipata Nobeli mwaka 2017, ni zana ya ajabu. Lakini ukijua hiyo tu, utarudi nyumbani bila mkono. Jifunze njia mbili: moja ya gharama kubwa utakayoitumia kwa ushirikiano, na moja utakayoweza kuijenga mezani kwako, mfano uigaji wa kompyuta, hadubini ya mwanga, kupima umeme wa seli, au vijia vyembamba vya maji.

Swali la utafiti

Swali zuri la mwanabiofizikia wa kwetu lina sifa mbili: idara yako inalitambua kuwa lake, na wewe una kitu ambacho maabara ya Boston haina. Selimundu ni mfano ulio wazi. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa ugonjwa huu uko kwenye molekuli yenyewe ya himoglobini. Asidi amino moja tu, ya sita kwenye mnyororo wa beta, imebadilika kutoka glutamati kuwa valini. Oksijeni ikipungua, himoglobini hujishika kuwa nyuzi na chembe nyekundu inakakamaa. Ni tatizo la fizikia tangu mwanzo hadi mwisho, na Tanzania iko miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nalo. Malaria nayo hukakamaza chembe nyekundu. Mbu kuruka na kusikia, ukungu wa mazao kutawanyika, mnato wa kamasi la mwenye kifua kikuu: yote haya yana milinganyo ndani.

Lakini damu ya mtu ikiingia, ruhusa zinaingia. Tanzania unahitaji kibali cha maadili cha taasisi yako na cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mtafiti wa nje anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Mamlaka kama hizo za sayansi kwa Kenya ni NACOSTI, inayotoa leseni, na kwa Uganda ni UNCST. Kusafirisha sampuli nje kunadai mkataba wake wa uhamishaji. Anza mambo haya miezi sita kabla ya tarehe unayotaka kukusanya sampuli ya kwanza. Sampuli iliyokusanywa siku moja kabla ya kibali haiwezi kuchapishwa, hata iwe na matokeo ya namna gani.

Baada ya uzamivu

Miaka 2 hadi 4 ya utafiti baada ya uzamivu ndiyo inayokutofautisha na msimamizi wako wa zamani. HFSP, mpango wa kimataifa wa kufadhili utafiti wa sayansi ya maisha, ina ufadhili maalumu kwa wenye uzamivu wa nje ya sayansi ya maisha, kama fizikia au kemia, wanaotaka kuvuka. Umetengenezwa kwa watu wa aina yetu, uombe. Mwaka wa kwanza kamilisha makala iliyobaki ya uzamivu. Mwaka wa pili anza mradi ambao msimamizi amekubali, kwa maandishi, kwamba utaondoka nao. Hili la maandishi wengi huona aibu kuliomba. Liombe mapema, kwa heshima, wakati mambo bado ni mazuri.

Chapisha katika majarida ambayo kamati za idara yako zinayatambua. Biophysical Journal na European Biophysics Journal zinahesabika pande zote mbili, fizikia na baiolojia. Weka rasimu bioRxiv au arXiv, hifadhi za wazi za makala mtandaoni. Jarida linalokuandikia barua pepe ya kukusifu na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tano, likidai dola kadhaa, ni la kitapeli. Makala ikishaingia humo huwezi kuipeleka kwingine. Ada ya kuchapisha ikikushinda, waandikie jarida halisi kabla ya kutuma makala uombe msamaha wa ada; majarida mengi yana utaratibu huo kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini.

Shahada ya nje utaipeleka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itambuliwe kabla ya kuajiriwa Tanzania, kwa hiyo ondoka ughaibuni na vyeti na orodha za matokeo vilivyofungwa na chuo, nakala mbili. Nafasi za vyuo vya umma hutangazwa kwenye Ajira Portal, tovuti ya serikali ya maombi ya kazi, na muda wa kuomba ni mfupi. Faili lako liwe tayari wakati wote.

Maabara

Fedha ya kwanza usiitumie kununua chombo kikubwa. Nunua umeme safi, ubaridi na ukavu. Kifaa cha kulinda friji kiweke kwenye kila jokofu ili likatike na kungoja dakika 3 hadi 5 kabla ya kuwaka tena. Kompresa hufa kwa kuwashwa mara umeme unaporudi ukiwa juu. Leza, kamera na kompyuta viwe kwenye UPS inayostahimili dakika zile jenereta inapochukua zamu.

Mwanzoni lenzi zinakuwa safi. Baada ya msimu mmoja wa masika, ukizielekeza kwenye dirisha, unaona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya kioo. Hiyo ni kuvu, na ikishakula mipako ya lenzi hakuna dawa. Usiku toa lenzi, zifungie kwenye boksi la plastiki lisilopitisha hewa lenye jeli ya silika na kipimaunyevu, unyevu ukae chini ya asilimia 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu, irudishe. Mafuta ya lenzi futa siku hiyohiyo kwa karatasi ya lenzi, kamwe si kwa pamba kavu wala kona ya koti.

Vyombo vya msaada vipokee kwa kuuliza kwanza. Kiliwaka lini mara ya mwisho? Waombe video kikiwa kinafanya kazi. Kimetoka Marekani? Basi huenda kinataka volti 120 na hezi 60, na kwetu ni 230 na 50. Transfoma hurekebisha volti, haibadilishi hezi, na baadhi ya mota zitaenda polepole. Programu yake inadai leseni au kompyuta ya zamani ambayo haikuja? Taa ya zebaki ya hadubini ya mng'ao hudumu takriban saa 200 hadi 300, na ya pili utainunua wapi? Bora uombe LED. Msamaha wa kodi uombwe kabla mzigo haujafika bandarini, kwa kuwa gharama za kuuhifadhi pale hukua kila siku na zinaweza kupita thamani ya chombo.

Na kuna unachoweza kujenga. Hadubini ya OpenFlexure, ambayo mwili wake huchapwa kwa printa ya 3D na michoro yake ni ya bure, imeshatengenezwa Dar es Salaam na kujaribiwa kwa vipimo vya malaria pamoja na Taasisi ya Afya Ifakara. Wape wanafunzi watatu kazi ya kuijenga moja. Wataielewa optiki kuliko mhadhara wowote, na ukivunjika mkono wa plastiki unachapa mwingine.

ICTP ina mpango wa washirika unaomruhusu mtafiti wa nchi zetu kwenda Trieste kwa ziara kadhaa ndani ya miaka 6. Omba mara tu unapoajiriwa. Hizo wiki ni za kuandika, maana nyumbani utafundisha darasa kubwa la fizikia ya mwaka wa kwanza kwa miaka, na ni haki idara ikupe hilo. Ndilo linalokufanya uwe mtu wake. Somo la hiari la biofizikia lianzishe mwaka wa pili au wa tatu wa ajira, kwa jaribio la chembe za maikromita 1 wiki ya kwanza.

Kupanda cheo

Kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa, kamati huhesabu makala, ufundishaji na usimamizi wa wanafunzi. Tatizo la mwanabiofizikia ni makala zenye waandishi kumi na wawili, ambapo msomaji wa idara ya fizikia hajui nani alifanya nini. Kwa kila makala andika sentensi mbili: ulibuni nini, ulipima nini. Angalau moja kwa mwaka iwe ambayo wewe ni mwandishi wa kwanza au wa mawasiliano. Pendekeza wasomaji wa nje wanaojua pande zote mbili.

Faili lenyewe lianze siku ya ajira, wala usisubiri tangazo. Weka humo barua ya kila makala kukubaliwa, barua ya kila mgao wa masomo, tathmini za wanafunzi, tarehe kila mwanafunzi wako wa uzamili alipowasilisha na alipofaulu, na nakala ya kila andiko la mradi hata lililokataliwa, pamoja na maoni ya wapitiaji. Yale yaliyokataliwa yasome tena baada ya miezi mitatu: wapitiaji wawili wakiwa wamelalamikia jambo moja, ndipo pa kuanzia kuandika upya.